Faili za Zahanati Zimefunguka

Kilakala, Morogoro
Agosti 1998

Mpenzi Gervas,

Sisi wazima, na njegere za Mgeta zimejaa sokoni. Natumaini Kisaki wamekupokea vizuri.

Ulipopunguzwa kazini, mmiliki mpya wa kiwanda aliamuru jina lako lifutwe kwenye kompyuta. Basi faili za wagonjwa wa zahanati ya kiwanda, ambazo zilikuwa kwa jina lako, zikagoma. Kila nesi Ester alipojaribu kuzifungua, kompyuta ilimjibu kwamba hana ruhusa, na wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa kwenye benchi wakisubiri dawa.

Meneja akasema, "Tufute zote, tuanze upya."

"Naomba nijaribu kwanza," nikamwambia, mimi karani wake wa stoo.

Akanipa neno la siri la msimamizi. Nikazihamishia zile faili kwenye jina langu, kisha nikawapa ruhusa manesi peke yao, kama ulivyonifundisha: habari za mgonjwa si za kila mtu. Ester alipobonyeza tena, majina yote yakatokea. Alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka.

"Nani kakufundisha?" meneja akauliza.

"Gervas, mliyempunguza," nikajibu bila kuinamisha kichwa.

Tangu Jumatatu kompyuta zote za kiwanda ziko chini yangu.

Mama anauliza kama posa ingalipo, maana uliondoka bila kuaga. Sijamjibu. Lakini kama ni aibu ya kukosa kazi iliyokuondoa, ujue kwamba jina lako nimelitaja mbele ya ofisi nzima, na nimelitaja kwa fahari.

Wako bado,
Faraja