Nimenunua Sebule

Jumamosi, 8 Machi 2025

Ngo! Bado naisikia. Nyundo ya dalali ilikuwa imevunjika mpini, akagonga meza kwa mchi wa kinu — mara ya kwanza, mara ya pili, ngo! Nyumba ya Suji ni yangu! Nimelipa amana, robo ya bei: akiba yangu yote ya kufundisha. Salio nitakopa, ndani ya siku kumi na nne, la sivyo amana inapotea. Ufunguo uko chini ya mto. Mtu mzima mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Nimepanda Suji. Ukungu, baridi, raha. Nikafungua mlango wa mbele, nikazunguka sebule yangu nikicheka peke yangu. Mara mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mmoja, mwiko mkononi. Shikamoo! Marahaba — wewe ndiye umenunua sebule?

Ni mama Eliakunda, dada wa Anderson, yule ambaye nyumba imepigwa mnada kwa mkopo wake. Akanitoa nje kunionyesha masale, mimea ya mpaka. Mstari waliouotesha wazee wao unakuja hadi ukutani, unapotelea chini ya nyumba, unatokea upande wa pili! Mbele ni kwa kaka. Nyuma — jiko, vyumba vyote viwili — ni urithi wake, na wakati wa kukopa hakuna aliyemuuliza. Kaka alijenga juu ya mpaka kwa sababu walikuwa wanapendana.

Mimi niliikagua kutoka barabarani. Shahada nzima, sikuzunguka nyuma!

Akanikaribisha jikoni kwake. Makande. Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Jumanne, 11 Machi

Dalali Muhidin: amana hairudi, dada yangu. Ukishika ufunguo umeshapokea mali. Kisha kwa sauti ya chini: huyo mama mpe kidogo asaini, nyumba yote iwe yako.

Aibu — kwa dakika nzima niliona mapazia yangu kwenye vile vyumba.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Eliakunda kashuka mjini Same, kitenge cha kanisani. Asubuhi tumefungua shauri baraza la ardhi: mnada ubatilishwe, amana irudi. Kisha kwa dalali. Ufunguo hapokei! Mama akamuuliza: baba, wewe ungelala sebuleni ukapikiwe kwa jirani? Wateja wakaangua kicheko.

Nikauweka ufunguo mezani. Nikachukua ule mchi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ngo!

Tukatoka. Sasa simu inaita — ni dalali. Mama anasema tumalize chai kwanza.