Maziwa ya Chini ya Meza

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya Kitivo cha Sheria.
9 Machi

Mpendwa mwanangu,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Barua yako niliipata, lakini shahidi haandikiani na mtoto wa mshtakiwa kabla hajatoa ushahidi. Juzi niliutoa, sasa naweza kukusalimu. Hujambo? Mkeo hajambo? Mtoto ameanza kutambaa? Mimi ni mzima, ila ngazi za mahakama zimenimaliza magoti. Mjukuu wangu ninayemlea ana afya njema, na wapo wanaonitazama vibaya kwa hilo.

Kazi yangu unaijua. Nimefundisha sheria ya kumlinda mnunuzi, na likizo zote nimezitumia kuwashtaki matapeli. Kila mwaka huwatuma wanafunzi wangu madukani wanunue kama wateja wa kawaida, wasiseme wametumwa na nani, kisha tunapeleka bidhaa maabara. Safari hii kopo la maziwa ya watoto wachanga lilionekana limejaa unga wa ngano na chaki. Lilitoka dukani kwa baba yako. Nililikabidhi kwa mwendesha mashtaka kabla chai yangu haijapoa.

Mtoto wa mshona nguo, yule wa mlango wa pili kutoka dukani, alikuwa amekwisha kuzikwa. Maziwa hayo ndiyo aliyokuwa akinywa tangu mama yake augue.

Katika kesi za ulaghai, kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba mtu alijua. Wakili wa baba yako aling'ang'ania hapohapo: mwenye duka hupokea tu anacholetewa. Alikuwa anaelekea kushinda. Ndipo baba yako, kwa kuona aibu mbele za watu, akaropoka kizimbani: "Mimi si mnyama! Muulizeni dada yangu! Ndugu zangu wote nawawekea yale ya chini ya meza, safi kabisa!"

Wakili wake aliinamisha kichwa. Mimi huwafundisha wanafunzi kusubiri neno kama hilo. Sikudhani ningeitwa kulithibitisha.

Katika barua yako ulinisihi niseme kwamba kopo langu, lile alilonipa baba yako kwa ajili ya mjukuu, lilikuwa sawa na makopo ya wengine. Sikusema. Nilisema lilitoka chini ya meza, na kwamba maabara ililiona safi. Nilipopita karibu na kizimba baba yako alininong'oneza, "Dada, nilikupa mazuri."

"Ndiyo," nikamwambia, "na hivyo ndivyo nilivyowaeleza."

Kwenye ukumbi wa nje mshona nguo alinizuia njia. "Mwalimu, ya kwako yalikuwa matamu?" Nimejibu mawakili maisha yangu yote. Yeye nilimzunguka, nikashuka ngazi.

Wala usijisumbue kuuliza kuhusu makopo aliyokuwa akikutumia baba yako. Yalikuwa ya chini ya meza. Wewe unalala usingizi kwa sababu hiyo. Mshona nguo halali.

Msalimu mkeo. Msalimu dada yako muuguzi, ambaye siku hizi hapokei simu zangu. Mama yako nilimpelekea salamu zako. Alizipokea dirishani, mlango hakufungua. Mungu amkuze mtoto wako, na amjalie asijue mapema alivyonenepa.

Hakimu akishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, kwa mkono wangu mwenyewe. Sitaki uambiwe na mtu atakayekupunguzia ukweli.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye bila kukuficha kitu.