Maneno Niliyoyameza Siku ya Matanga

Baba Regina, mume wangu,

Salamu katika Kristo. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku Rangwi tunapumua tu. Ukungu haujaondoka, wiki ya pili sasa, maharage yanaozea shambani.

Regina amerudi. Jumanne nilisikia pikipiki ikipandisha, natoka nje namwona amepakata begi, godoro limefungwa nyuma. Amedisko. Ndivyo wanavyosema chuoni mtu akiondolewa kwa kufeli. Hesabu za ile Sayansi ya Kompyuta zimemshinda, mume wangu. Amezirudia mpaka kakonda.

Unakumbuka alivyokuwa akiifungua redio yako na kuiunga tena, nawe unamtania, "Fundi, usije ukaniuzia vyuma vyangu"? Yeye alitaka Teknolojia ya Habari, aunganishe kompyuta za maofisini, zikiharibika azitengeneze. Nawe asubuhi ile ya mwisho uliniambia, "Ningependa asome Sayansi ya Kompyuta. Ila moyo wake ukiwa kwingine, mwacheni achague."

Siku ya kuanua matanga, mbele ya ukoo, nilisema nusu ya kwanza tu. Mdogo wako Silvesta alikuwa ameshacheka, "Teknolojia ya Habari ni kubadilisha wino wa printa! Mtoto wa kaka awe mvuta waya?" Nikaona aibu. Nikaogopa waseme mjane kaanza kulegeza nyumba. Basi nikanyamaza, na ikawa wosia. Wosia wa marehemu nani angeupinga? Regina aliinamisha kichwa. "Sawa, mama."

Sasa kila alfajiri, kabla ya kwenda shambani, anapita kaburini kwako. Namsikia. "Baba nisamehe, nimekuangusha." Anakuomba msamaha wewe... kwa dhambi yangu mimi. Nami nimesimama pale na ndoo, kisha naenda zangu kuteka maji.

Nimeungama. Padri akaniambia, "Mungu amekusikia, mama. Binti bado."

Kwa hiyo nakuahidi. Jumapili baada ya Misa nitamwita Silvesta na wazee, niwaambie maneno yako yote, Regina akiwepo. Pumzika kwa amani, Baba Regina. Ila nijibu upesi, kabla ya Jumapili. Niambie nitaishije naye humu ndani akinichukia.

Mkeo,
Mama Regina