Bitiruti Zilizoanikwa Juu ya Tembe

Mkiwa, 20 Julai 1953

Mpendwa Bi Mwantum, shikamoo. Nakuomba unisomee barua hii mpaka mwisho ndipo unisaidie, maana jambo lililonifika watu wanaliona dogo lakini mimi linanikosesha raha.

Jina langu Mathayo. Nilikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja wa reli pale Itigi miaka tisa, na memsabu wake ndiye aliyenifundisha kulima bitiruti, kile kiazi chekundu kinachotia mchuzi rangi ya damu, na walipoondoka kurudi kwao memsabu alinipa mbegu ndani ya kibati cha tumbaku, nami nikarudi nyumbani Mkiwa, nikachimba matuta bondeni karibu na kisima, nikatia samadi iliyooza, nikapanda mwezi wa Machi, nikapunguza miche kama memsabu alivyopenda, na Juni nikang'oa bitiruti arobaini na sita, kila moja kama ngumi, hata Bwana Shamba alipopita akainama akazishika akaniambia, "Mathayo, hizi uzilete kwenye maonyesho Singida mwisho wa Agosti."

Basi ikabidi nizihifadhi. Kulima memsabu alinifundisha, kuhifadhi hakunifundisha, kwa sababu kwake zililiwa zikitoka shambani, ila nilimsikia siku moja akitaja mchanga. Kwa hiyo niliziosha zikang'aa, nikakata majani na mikia kwa kisu ili zipendeze mezani, nikazipanga kwenye sanduku la chai pamoja na mchanga niliouanika juani siku mbili, kisha nikalipandisha sanduku kwenye dari ya jikoni juu ya moto, pale tunapoweka mbegu za uwele na mahindi ili moshi uzuie wadudu, maana mbegu hukaa pale mpaka mvua zinaanza wala haziharibiki. Nikasema nyumbani asiguse mtu. Mke wangu aliniambia mara mbili kwamba sanduku linatoa harufu ya uchachu, nami nikamjibu kwamba yeye hakukaa na memsabu miaka tisa.

Sasa, Bi Mwantum, nilikwenda Itigi siku nne kwa msiba, na kurudi nakuta sanduku tupu, na juu ya paa bapa la udongo la tembe letu mkeka umetandazwa vipande vyekundu, mke wangu amezikata bitiruti za maonyesho na kuzianika kama michembe, yaani vile viazi vitamu tunavyokausha kwa kula wakati wa kiangazi. Nilipandwa na hasira. Kaka yake Gasto alikuwa amekuja kututembelea, amekaa hapo hapo uani, na mbele yake nikasema nimeoa mtu asiye na akili, nikasema hata mbuzi angezitunza vizuri kuliko yeye. Mke wangu hakujibu neno. Alishusha mkeka, akatia vipande kapuni, kapu lenyewe halikujaa nusu, akamkabidhi mama yangu ninayeishi naye, na asubuhi akambeba mtoto akaondoka na Gasto kwenda kwao Mitundu. Hii ni wiki ya tatu. Nyuma ya zizi nimeona vitu vyeusi laini vimefukiwa, nadhani ni bitiruti nyingine, sijui kwa nini alizitupa.

Mama kila jioni anachukua vipande vichache anavipika na karanga. Nilimuuliza vikoje, akasema, "Vinalika," kisha akanigeuzia kisogo.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, ni haki nimdai baba mkwe wangu, Mzee Ignas, mbuzi mmoja kwa kazi yangu iliyopotea na aibu nitakayoipata mbele ya Bwana Shamba? Mwakani nizihifadhi namna gani zisiguswe na mtu? Na je, yafaa nimwandikie memsabu kumweleza yaliyotokea? Lea, mke wangu, si mtu mbaya, ila hakufundishwa. Nyumba imekuwa kimya sana.

Wako mtiifu,
Mathayo wa Mkiwa


JIBU

Mathayo, marahaba. Barua yako nimeisoma nyuma ya duka letu, nikacheka mahali pawili, na mahali pamoja nikaiweka chini kwanza nikanywa maji. Mahali penyewe utapajua.

Nianze na bitiruti, kwa kuwa ndizo ulizotanguliza. Mimi ninazilima hapa Singida mjini tangu kabla ya vita, na nakwambia uliziua kwa mkono wako. Bitiruti ya kuweka haioshwi. Unaikung'uta udongo, unaiacha kivulini ikauke ngozi, basi. Majani hayakatwi kwa kisu, yananyongwa kwa mkono, ukabakiza vikonyo vya urefu wa vidole viwili, na mkia unauacha kama ulivyo. Ukiikata kichwa na mkia inavuja, na panapovuja ndipo uozo unapoingilia. Halafu, baada ya kuijeruhi, ukaipandisha juu ya moto. Mwanangu, mbegu ya uwele ni kitu kikavu na inataka ukavu. Bitiruti ni kitu cha maji. Kule darini nyingine zilisinyaa, nyingine zikaoza, na uchachu ulioambiwa mara mbili ulikuwa huo. Mwenye pua alikuwa ndani ya nyumba yako, wewe ukamsikiliza aliyeko ng'ambo ya bahari, tena kwa jambo ambalo huyo wa ng'ambo hakukufundisha. Kuuliza si ujinga, lakini wewe ulikuwa hujui, hukuuliza, na bado ukakataza watu kugusa.

Sasa tazama ulichokiandika mwenyewe bila kukiona. Vile vyeusi nyuma ya zizi ni zile zilizokwisha kuharibika. Mke wako alifungua sanduku, naye akakuta msiba wake humo, akatupa zilizooza, akaokoa zilizosalia kwa njia aliyoijua, ya michembe. Wewe uliziweka kama mbegu, yeye akazikausha kama viazi vitamu, kila mtu alishika alichokikuta kwao. Tofauti ni kwamba za kwako zimefukiwa nyuma ya zizi na za kwake zinalika. Mama yako amekwambia hivyo, na kisogo alichokugeuzia kilikuwa jibu tosha. Ungemwelewa, ungeokoa stempu ya barua hii.

Imeniuma, Mathayo, kwamba hakukujibu. Mwanamke anayejibu bado anategemea kusikilizwa.

Kuhusu mbuzi, ulimshusha mkeo chini ya mbuzi mbele ya kaka yake, na leo unataka kwao walete mbuzi. Mbuzi atatoka zizini kwako, na atakwenda Mitundu kwa miguu yake. Usiende peke yako. Mchukue mtu mzima wa ukoo wenu ambaye Mzee Ignas anamheshimu, mfike mchana, msalimie kama inavyopasa, mkabidhi mbuzi, na mkae chini mpaka mpewe nafasi ya kusema. Ukipewa, usianze na habari za Bwana Shamba. Mtake radhi mkeo, na Gasto awe amekaa hapo anasikia. Usisubiri mkabaki wawili chumbani, kwa kuwa hukumtukania chumbani. Akikataa kurudi siku hiyo, mwache, rudi nyumbani, kisha uende tena.

Mwakani chukua mchanga wa mtoni, wenye unyevu kidogo, unaoshikana ukiufumbata lakini hautoi maji. Sanduku likae sakafuni, chumba cha nyuma kisicho na moto wala jua. Bitiruti zisigusane, na zenye jeraha zisiingie humo kabisa, zipikwe kwanza. Kila wiki sanduku lifunguliwe, inayolainika itolewe. Uliuliza namna ya kuzihifadhi zisiguswe na mtu. Hizi zimeoza kwa kutoguswa. Anayefungua sanduku awe mkeo, na akisema linanuka, uinuke.

Memsabu usimwandikie. Ana bustani yake ya kutunza, nawe una nyumba.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mwambie mama yako asilimalize kapu. Bwana Shamba bitiruti mbichi ameziona maisha yake yote, lakini za kuanikwa juu ya tembe, za kupikwa na karanga katikati ya kiangazi, sidhani. Zipeleke kwenye maonyesho. Pale mezani kila kitu huwekewa karatasi yenye jina la aliyekifanya, nawe uandike jina la aliyezianika. Andika polepole ulizoee. Katika barua yako memsabu amejaa tele, Bwana Shamba yumo, hata Gasto yumo, na jina la Lea umeliandika mara moja tu.

Bi Mwantum,
Singida mjini