Baba wa Kwenye Redio

Shemeji Göran,

Nimechoka, na wewe ndiye niliyezoea kumwambia hivyo bila kuulizwa kama nimemwona daktari.

Viatu vyako bado viko mlangoni pale nyumbani kwenu Rågsved. Dada yangu Mshai hataki viguswe. Mwanenu nikimsalimia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, kama zamani, ila sasa kwa sauti ya chini kama yako. Meli yenu imesharudi baharini. Wenzako walikuja kwenye mazishi yako, wakala chapati za akina mama wa Kikenya, wakasimama mmoja mmoja kukukumbuka: ulivyokuwa ukikoroma, ulivyokuwa ukiiba kwenye karata, kahawa yako chungu. Miaka yote ile ya kuzunguka Bahari ya Baltiki mkinasa mawasiliano ya watu, na walichoruhusiwa kutuachia ni mkoromo. Nilifungua mdomo niwaambie uliyonieleza hospitalini. Mshai akanikanyaga mguu chini ya meza.

Unajua niliyoyaandika magazetini, kwa Kiswidi changu, kuhusu meli hiyo. Uliyasoma yote, kalamu mkononi. "Hapa umekosea kitenzi, shemeji. Mengine siwezi kusema." Nilikuita sikio la serikali mezani kwako, nikila samaki wako. Ukaniongezea viazi.

Sasa lile la hospitali. Mshai alikuwa ametoka kutafuta chai. Ukanieleza habari za baharia wa upande wa pili, aliyekuwa akiongea na binti yake kwa redio kila Jumapili, akimsomesha hesabu, na wewe umevaa hedifoni unafuatilia, mpaka ukajua mtoto anakwama wapi. Kisha Jumapili moja baba hakusikika. Wala iliyofuata. Hukuwa na mtu wa kumuuliza. Ulisema, "Mpaka leo sijui kama alimwambia mtoto kwa nini," ukageukia ukutani.

Shemeji, hiyo ndiyo hoja niliyoitafuta miaka yote. Wanatuambia wanasikiliza manowari, kumbe wanamsikiliza mzazi akifundisha kugawanya. Nilimdokezea mhariri mmoja, na tangu hapo simu yake haikomi. Nikaiandika. Sijawahi kuandika makala nzuri kama ile. Kabla ya kuituma nikampelekea Mshai. Aliisoma amesimama, ametoka kazini, koti bado mwilini. Akanirudishia karatasi.

"Alikuwa anaongea na wewe, au na gazeti?"

Nimebishana na mawaziri, wachungaji na maprofesa wa mji huu. Nilikunja karatasi zile nikiangalia viatu vyako.

Uliyasema yale kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Nikiyatoa nje, nitakuwa nimefanya kilekile ninachoilaumu meli yenu, tena bila hata kwenda baharini. Leo asubuhi nimemwambia mhariri hakuna makala. Amekasirika. Na akasirike.

Usidhani nimewasamehe. Nitaendelea kuipiga meli hiyo kwa maneno yangu mwenyewe, yenye vitenzi vibovu maana sasa hakuna wa kuvisahihisha. Lakini yako hayatatoka kwangu.

Pumzika, shemeji. Jumapili nitakuwa mezani kwako na kitabu cha hesabu cha mwanao. Nitamfundisha kwa Kiswahili, atanijibu kwa Kiswidi, tutafika. Na Jumapili nisiyoweza kuja, nitampigia simu mapema nimweleze kwa nini.

Mwadime, shemeji yako