Midomo ya Babazi

Jumapili, 2 Juni 2024

Mnada umepita. Mchango wetu umekwama.

Nilimwogesha Ainembabazi, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni la njano la Pasaka na soksi zake. Nani anampeleka mtoto kanisani na matope? Baada ya ibada Kikundi cha Mkono kwa Mtoto walikuwa wanachangisha kwa ajili ya watoto wawili. Yusto, mwenye miguu iliyopinda. Na huyu wangu, mwenye tundu kwenye moyo, anayesubiri upasuaji Mwanza.

Watu walileta mikungu ya ndizi, mayai, jogoo mmoja mkali. Mnadi alikuwa Novatus wa bucha. Anachekesha yule! Eti jogoo huyu ameimba pambio vizuri kuliko kwaya, atakayemnunua asimle, amrudishe auzwe tena. Wakamnunua, wakamrudisha, wakamnunua tena. Yote kwa Yusto, aliyesimama mbele na kijiti chake. Akina mama walilia.

Halafu Babazi. Akasimama pale akicheka, akawapungia mkono. Nyuma yangu nikasikia: huyo naye anaumwa nini, mashavu kama maandazi! Mwenzake akajibu kwamba mama mtu anatafuta nauli ya kutembea Mwanza. Mkungu wetu ukanunuliwa kwa bei ya sokoni. Hakuna aliyeurudisha. Watu wakaanza kubeba watoto wao na kuondoka.

Yusto amepata. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Yusto. Kweli namshukuru — nusu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimempigia Lameck, baba yake Babazi. Bado yuko Kyerwa, kwenye machimbo ya bati. Shimo limejaa maji, hawajalipwa. Sikumwambia habari ya maandazi, angeumia bure. Babazi akaninyang'anya simu: Tata, niletee mpira!

Mpira! Mtoto akikimbia tu kutoka jikoni hadi kwenye mibuni anachuchumaa, magoti kifuani, midomo inageuka zambarau. Akikaa dakika chache inarudi. Ndiyo sababu siku nzima mimi ni kuita tu. Babazi, taratibu. Babazi, rudi. Jirani yangu Dafroza anasema namlea kama yai. Ndiyo. Ni yai.

Jumatano, 5 Juni

Nesi wa kliniki amenipigia. Madaktari wa moyo wanafika Mwanza mwisho wa mwezi huu. Tukilipa sehemu yetu wiki ijayo, jina la Babazi linabaki kwenye orodha. Tusipolipa, ni mpaka mwakani. Na daktari alishasema, moyo huu usisubiri mwakani.

Leo kala viazi vyote. Kaimba mpaka nikacheka. Hela itapatikana tu. Jumapili bado ipo.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Evaresta kaja kwa bodaboda, na kilo ya sukari mkononi. Ndiye mwenyekiti wa kikundi. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea chai. Hakuigusa.

Akasema, mwanangu, watu wetu wanatoa kwa macho. Mguu wa Yusto wanauona. Moyo wa Babazi nani anauona? Halafu, polepole kabisa — kabla sijamwita mbele, mzungushe kidogo nyuma ya kanisa. Akimbie. Kidogo tu. Waone midomo.

Nilihisi kama kanimwagia ile chai.

Nikasema hapana, mama. Nikasema mengine pia, siyaandiki. Hakukasirika. Ni mtu mwema, sitaki kumsingizia. Kipimo cha kwanza cha moyo alilipa yeye, kwa kahawa yake mwenyewe. Alisema tu kwamba Jumapili hii ndiyo yetu ya mwisho, zinazofuata ni za watoto wa Bugene. Akapanda bodaboda, akaondoka.

Hapana. Nitaeleza mwenyewe kwa mdomo wangu. Watu si mawe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya mazoezi ya kuhutubia mbele ya mbuzi. Dafroza alikuwa anasikiliza ng'ambo ya migomba, sikujua! Akasema maneno mazuri, mama Babazi, yananigusa — lakini mimi ningekupa buku tu, elfu moja.

Tumecheka wote. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Jumapili, 9 Juni

Niko hospitali, wodi ya watoto. Babazi amelala, mpira wa oksijeni puani.

Nilihutubia. Nilimaliza yote. Watu walinitazama kwa adabu. Mzee mmoja akanunua mayai. Novatus akasema haya jamani, mtoto huyu anasubiri — hakuna aliyepandisha bei. Ndipo kuku mmoja wa mnada akachomoka kwenye kamba, akatoka mbio. Watoto wote nyuma yake. Na Babazi.

Mdomo wangu ulifunguka kumwita. Mimi humwita siku zote! Nikamwona Mama Evaresta ananitazama. Hata kichwa hakutikisa.

Sikumwita.

Alizunguka kanisa akicheka. Gauni linapepea. Nikamwona anapita mara ya pili. Bado sikumwita.

Alikuja kuchuchumaa katikati ya watu, pembeni ya mikungu. Midomo si zambarau — kijivu. Mtu akapiga yowe. Novatus akaacha mzaha. Nikamkumbatia magoti kifuani, nikasubiri irudi. Haikurudi. Na huku noti zinaanguka kwenye kanga niliyokalia, watu wanalia, wanapiga kelele za ahadi, mimi nami nalia: leteni gari! leteni gari! Gari la mchungaji ndilo limetuleta.

Daktari ameuliza alikuwa anafanya nini. Nikasema anacheza. Akauliza, hukuwepo? Nikasema nilikuwepo.

Alifumbua macho mara moja. Aliuliza nani kamkamata kuku. Nikamwambia, wewe. Akatabasamu kidogo.

Daktari anasema akiwa hivi hawezi kusafiri. Kwanza atulie, ndipo tuzungumze habari za Mwanza. Lini? Hajui.

Mama Evaresta amefika sasa hivi, macho mekundu. Amenishika mabega: Mungu ametenda, hela imetosha! Lakini nyingi ni ahadi tu, anasema, na ahadi zetu tunazijua — mtoto akionekana mzima, hakuna atakayekumbuka. Ameomba ampige picha moja, hivi alivyo na mpira puani, awatumie walioahidi.

Amesimama mlangoni na simu yake. Sijamjibu. Amesema nimalize kwanza kuandika, hana haraka.

Basi naandika. Midomo bado kijivu. Kucha bado. Nesi kafunga dirisha. Shuka ni la bluu. Naandika —