Baba na Picha Zake

Nyumbani,
14 Machi

Mpendwa kaka,

Hujambo huko ugenini? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha au bado mnaishi pamoja? Sisi wazima kiasi, na hicho "kiasi" ndicho kilichonishikisha kalamu.

Baba alinitia mashaka. Seremala mzima, aliyezoea kutembea na vumbi la mbao kichwani, ghafla anapiga shati pasi na kutoka asubuhi. Nikimuuliza, ananijibu, "Nakwenda kupigwa picha." Picha! Kwa umri ule? Na baada ya siku chache, picha tena.

Mara akarudi kidole kitupu. Pete ya ndoa, ambayo hakuivua hata tulipomzika mama, ameitia mfukoni! Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi na shangazi tukaamua tunaletewa mama wa kambo, na tukamshuku yule mjane muuza vitambaa.

Juzi nikamfuata kimyakimya. Akaingia hospitali. Nilimkuta kwenye benchi akivua pete, kwa sababu mashine ya sumaku inayopiga picha mwili mzima haitaki chuma wala vito.

Daktari akanieleza: ni saratani, kaka, ya uboho wa mifupa. Hapo nikamgeuzia shaka yeye: eksirei ya kwanza ilitoka safi, sasa haya matundu ya mifupani yametoka wapi? Baba akanicheka. "Wewe mtoto wa seremala gani? Mbao iliyobunguliwa utaijua kwa kutazama rangi?" Kumbe eksirei huonyesha mfupa ukishaliwa sana, mashine hii huwahi kuyaona.

Uti wake wa mgongo umetobolewa na ugonjwa, unaweza kuporomoka. Amekatazwa kunyanyua kitu kizito. Jana nimemfumania na ndoo ya maji, anajidai anaipima tu.

Hata wewe nakushuku. Mnaongea kwenye simu kila wiki. Kama ulijua ukaninyamazia, tutagombana. Kama alikuambia ni mzima, usimwamini tena. Matibabu yanaanza Jumatatu, na mimi peke yangu simuwezi. Njoo.

Msalimie shemeji, na uwabusu wanangu. Shangazi anakusalimu, anaona haya, maana alikwisha kumnunia muuza vitambaa wa watu. Mola akufikishe salama.

Laiti ingekuwa ni mke, kaka. Lile shati ningelipiga pasi mwenyewe.

Wako akupendaye hata nikikushuku,
Dada yako, Chiriku